Vidole vya Mama Chapa

Ofisi nzima ilimwita Mama Chapa, na si kwa kuwachapa watu, ingawa ukali nao alikuwa nao wa kutosha. Alichapa barua miaka thelathini na moja. Bosi alisema, yeye akaandika: nukta, mkato, aya mpya. Siri za waliofukuzwa na za waliopandishwa vyeo zilipita mkononi mwake, na hakuna hata moja iliyovuja. Wenzake wakimbembeleza awadokezee, alicheka tu.

"Mimi naingiza kwa sikio, natoa kwa vidole. Hapa katikati hapana mtu."

Alijivunia jambo hilo hadi akastaafu nalo.

Kisha daktari akasema wazi kwamba dada yake mkubwa, aliyekuwa akiishi naye, ameanza ugonjwa wa kusahau. Dada mwenyewe akaleta shauri. "Mdogo wangu, mimi nitasema, wewe utachapa. Siku nikisahau, utanisomea."

Basi kila siku baada ya chakula cha mchana, dada alikaa kwenye kochi, miguu juu ya kigoda, na Mama Chapa akaketi mbele ya kompyuta yake karibu na dirisha. Miaka miwili hiyo! Kurasa zikapita mia mbili. Mlemle alikuwamo mama yao, aliyefariki Mama Chapa angali ananyonya. Sura yake, maneno yake, namna alivyocheka: yote alikuwa nayo dada peke yake.

Binti wa dada, ambaye kazi yake ni hizo hizo kompyuta, alikuja kuiweka sawa ile mashine. "Mama mdogo, nisikilize. Ikikuomba ijisasishe, kubali. Diski hii ni ya nakala. Ukishanakili, ichomoe uiweke kabatini. Na mtu usiyemjua akikupigia kusema kompyuta yako ina virusi, kata simu."

"Nimeanza kuchapa barua kabla mama yako hajakuzaa," alijibu Mama Chapa.

Jamani, kiburi! Diski aliiacha imechomekwa mwezi baada ya mwezi, ati ikichomolewa itapotea. Kompyuta ikiomba kujisasisha, aliiambia kesho.

Jumanne moja asubuhi simu ikalia. Alikuwa mwanamume wa sauti nzito, asiye na haraka, anayetamka kila neno hadi mwisho wake. Kama bosi wake wa zamani hasa.

"Mama, kompyuta yako imeingiwa na virusi. Keti, tuandike."

Akaketi. Anwani aliyotajiwa akaiandika. Alipoambiwa abonyeze kubali, akabonyeza. Alipoambiwa asome tarakimu zilizojitokeza, akazisoma zote bila kukosea hata moja, mama wa watu. Hakujiuliza huyu ni nani wala kaipata wapi namba yake. Sikio liliingiza, vidole vikatoa.

Mshale ulipoanza kutembea wenyewe kwenye skrini ndipo akazinduka. "We! Unafanya nini humo?"

Simu ikakatwa. Angechomoa waya wa intaneti papo hapo, pengine kitu kingesalia. Yeye alibaki ameshika simu, halo, halo. Muda si muda mafaili yote yakawa yamefungwa, na barua ikatokea ikidai malipo. Nakala za kwenye diski nazo zikafungwa vilevile, maana diski ilikuwa imechomekwa.

Binti wa dada alihangaika nayo siku tatu. Hakumgombeza, na hilo ndilo lililomuuma zaidi, kwa sababu angekaripiwa angepumua. "Hata tukiwalipa, mama mdogo, hakuna wa kutuhakikishia kwamba watafungua." Wakaifuta mashine, wakaanza upya.

Siku hizi Mama Chapa anasasisha dakika ile ile anayoombwa. Diski inalala kabatini ndani ya soksi. Wageni anawakatia simu kabla hawajamaliza salamu, na juzi kamkatia hata daktari. Lakini maji yakimwagika hayazoleki, na yeye anajua.

Jana baada ya chakula dada alikaa kwenye kochi lake, akanyoosha miguu juu ya kigoda. "Nisomee pale pa mama," alisema.

Mama Chapa akatazama ukurasa mweupe. Alijikamua akili yote. Alikumbuka nukta, alikumbuka aya mpya. Alikumbuka kwamba siku ile ya habari za mama, dada alilia katikati ya sentensi, na yeye, vidole vikiwa tayari juu ya herufi, akamuuliza, "Niweke mkato?" Mengine yote yalikuwa yamempita.

Machozi yakamtoka. "Dada, nimeyapoteza. Nisamehe. Nakuomba useme tena, nami safari hii nitasikiliza."

Dada alitazama dirishani. "Mama alikuwa..." akasema, na neno la kufuata likakataa kuja. Kisha akamgeukia mdogo wake, amekunja uso kama anayechezewa.

"Si yote nilikwambia wewe?"