Jibu Ambalo Mwalimu Shilinde Hakulingoja

Usiku ule nililala na hasira, na fimbo ya mkwaju imeegemea ukuta karibu na mlango. Fimbo haikuwa yangu. Mwalimu Mkuu alinikabidhi jioni mbele ya walimu wake wote, akaniambia asubuhi kwenye paredi nitawachapa darasa la tano wote walioshindwa jaribio la kuzidisha. Mimi ni mwanachuo wa ualimu, mwaka wa pili, nimeletwa kwenye shule hii kwa mazoezi ya kufundisha, na alama zangu za mazoezi ziko mikononi mwake. "Watoto hawa hawakujui bado," alisema. "Kesho watakujua." Walimu wakacheka, na mimi nikacheka nao, jambo lililonikera kuliko fimbo yenyewe.

Festo, mwanachuo mwenzangu tuliyepangiwa naye chumba, hakuona tatizo. "Wachape kidogo yaishe," alisema huku akikung'uta shuka. "Ukimkatalia atakufelisha, urudi kwenu ukalime mpunga." Nikamkumbusha yote tuliyofundishwa na Madamu Kokulinda chuoni. Akapiga miayo. "Madamu Kokulinda yuko chuoni. Huku tuko kwa Mkuu." Nikamwita mwoga, naye akaniita profesa, tukageukiana migongo kwenye kitanda kimoja, maana cha pili kilikuwa hakina chaga.

Mimi si mtu wa ndoto. Nikila nalala, nikilala naamka asubuhi, basi. Ndiyo maana nilipomwona Mwalimu Shilinde amesimama miguuni pa kitanda, sikudhani ni ndoto. Nilidhani nimechelewa shule.

Mwalimu Shilinde alinifundisha hesabu darasa la nne, na alifariki nikiwa sekondari. Nilikwenda kwenye mazishi yake, nikatupia udongo kaburini kwa mkono wangu huu. Alikuwa amevaa ile suti yake ya Kaunda ya kijivu, udongo umekauka kwenye nywele, na vumbi la chaki limejaa kwenye mikunjo ya mikono ya koti. Nikamwamkia, shikamoo mwalimu. Hakuitikia. Aliichukua fimbo pale ukutani, akaichapa hewani kuipima, na chumba kikaondoka.

Niko kwenye dawati langu la zamani, magoti ya mtu mzima yamebanwa chini ya ubao. Wenzangu wa darasa la nne wamenizunguka, wadogo kama walivyokuwa, nami peke yangu nina ndevu.

"Yohana," anaita. Fimbo inashuka begani kabla sijainuka. Halafu ndipo anauliza, "Saba mara nane?"

Hivyo ndivyo alivyofanya akiwa hai. Jina kwanza, kisha fimbo, swali mwisho. Swali lilipofika lilikukuta umeshajifunga, huna cha kujibu hata ukiulizwa jina la mama yako. Jibu nalijua, lakini kinywa kimejaa chaki. Natema vipande vyeupe, halafu vinatoka vyekundu. Anapiga tena, shingoni, mgongoni, kwenye vidole ninavyojikingia. Kidole kinavunjika na nakisikia kinavyovunjika. Kinachoniuma zaidi ni aibu, kwa sababu wenzangu wanacheka, wanafurahi kwamba si wao.

"Zuberi."

Zuberi alikaa nami dawati moja. Alikuwa na kigugumizi. Tulizoea kumsubiri tukicheza naye gololi, hata matusi yake tuliyasubiri mpaka yaishe, hakuna aliyeona ajabu. Sasa anasimama pembeni yangu, mikono nyuma, anatazama ubao, swali ni lilelile. "Ha," anasema. "Ha, ha..." Fimbo inampata sikioni.

Hilo si la ndoto. Lilitokea kweli, nikiona kwa macho yangu, na Zuberi aliacha shule mwaka uleule. Mpaka leo ukitaka akusikie lazima uhamie upande wake wa kulia. Kwenye ndoto linatokea na kurudia. Anasimama, anaanza, anapigwa, anaanguka, anasimama. Damu inamtiririka mpaka kwenye kola na bado anajaribu kusema. Namchukia yule mwalimu kwa chuki ambayo sijawahi kuwa nayo kwa mtu aliye hai. Nataka kuinuka nimrukie, lakini magoti yamekwama.

"Zamu yako," anasema, na fimbo imeshafika mkononi mwangu.

Tuko paredi. Jua kali, darasa la tano wamejipanga mbele yangu na Mwalimu Mkuu amekaa kwenye kiti nyuma yao, anakunywa chai. Nasema moyoni sitampiga mtu. Mkono unapiga. Nauambia uache, unapiga. Unapiga mikono, mapaja, migongo, unapiga kwa ufundi ambao sikuufundishwa popote, unajua mahali penye maumivu. Watoto hawalii, wanahesabu tu kwa sauti moja, saba, kumi na nne, ishirini na moja, na kila wanapotaja namba mkono wangu unashuka. Mmoja anaanguka kifudifudi kwenye vumbi. Nampiga akiwa chini. Nampiga mpaka shati linachanika na ngozi nayo inachanika. Namgeuza nimwone uso, na ni Zuberi, ananitazama, midomo yake imekusanyika kwenye ile "ha" yake isiyomalizika.

Ndipo nilipogeuka. Mwalimu Shilinde alikuwa nyuma yangu, nami nikamvamia kwa fimbo ileile. Nilimpiga usoni. Nilimpiga kwa ajili ya Zuberi, kwa ajili yangu, na kwa ajili ya kicheko changu cha jioni mbele ya walimu. Hakujikinga. Kila fimbo ilipotua, vumbi la chaki lilitoka ndani ya suti yake, wingu zima, mpaka nikawa simwoni, napiga weupe tu. Alirudi nyuma hatua kwa hatua, akapita mlangoni, nami nikamfuata ndani.

Ndani ni chuoni kwetu. Ni ule ukumbi wetu wa kufundishana, wenye zana tulizotengeneza kwa maboksi na vizibo vya soda, chati ukutani, na wanachuo wenzangu wamekaa wakijifanya watoto. Madamu Kokulinda amesimama pembeni na miwani yake imeshuka puani. Hawatuoni. Mwanachuo mmoja yuko mbele, anafundisha, na huyo mwanachuo ni mimi, mwaka wa kwanza, jasho linanitoka kwapani.

"Umeuliza swali," Madamu ananiambia. "Sasa nyamaza. Usimtaje mtu. Acha kila mmoja alifikirie kana kwamba ni lake. Ngoja. Ukimaliza kungoja, ngoja tena."

Naikumbuka siku hiyo. Nilidhani naenda chuo nipate cheti na ajira, nikajikuta nafundishwa kunyamaza, na hakuna kitu kigumu nilichowahi kufanya zaidi ya hicho. Kimya kile kilinitisha. Mwalimu akinyamaza anahisi darasa linamwona mjinga, na mkono unatafuta kitu cha kufanya. Wenzangu waliguna, Festo akajifanya anakoroma, nami nilitamani nimtaje mtu yeyote, nimkaripie yeyote, ili mradi kimya kiishe. Ilinichukua muhula mzima kuweza.

Mwalimu Shilinde anatazama yote hayo, damu na chaki vimeganda usoni. Anapita kati ya madawati, anagusa vizibo, anagusa chati. Halafu anaishika chati moja na kuichana kutoka juu mpaka chini. Anachana nyingine. Anapindua meza ya zana, anavunja kiti kwa kukibamiza ukutani, anapasua kioo cha dirisha kwa ngumi, na mkono wake unachuruzika na yeye hajali. Nimezoea hasira zake tangu utoto, lakini hii siijui. Mtu huyu analia.

"Haya yote mlipewa," anasema. "Na asubuhi unakwenda na fimbo."

"Nimeamriwa, mwalimu."

"Walikufundisha nini hapa?"

Nahema. Fimbo bado ninayo. "Uliza swali," nasema. "Ngoja. Kisha taja jina."

Anaketi kwenye dawati la mbele, pole pole, na anavyoketi anapungua, mpaka suti inamzidi na miguu yake haigusi sakafu. "Mimi walinitoa shambani Jumamosi," anasema. "Jumatatu nikakabidhiwa chaki na fimbo na watoto waliojaa mpaka madirishani. Hakuna aliyeniambia kwamba kuna kungoja." Anainua uso. "Niulize."

Nilikuwa naye pale, adui yangu, mdogo kuliko mimi, na swali nilikuwa nalo tangu darasa la nne.

"Kwa nini ulimpiga Zuberi?"

Hajibu, nami nangoja. Mkono unataka kushuka, mwili mzima unataka nimpasue pale kichwani penye udongo. Naona jinsi ilivyo rahisi. Naona kwamba hata sasa, baada ya chuo chote, baada ya Madamu na kimya chake, mkono huu ni wa Mwalimu Shilinde, alitangulia kuufundisha. Nangoja. Watoto nje wameacha kuhesabu. Kinywa chake kinafunguka, hakitoi kitu, kinajifunga. Nangoja tena. Sijui tulikaa hivyo muda gani, ila niliogopa kuliko nilivyoogopa nikipigwa.

"Alikuwa anajua," anasema mwishowe. "Nilimsikia anaanza kulisema. Hamsini na sita, lilikuwa jibu lenyewe. Darasa zima likawa kimya, wakanitazama mimi, na mimi nikashindwa kungoja."

Anashuka kwenye dawati. Ananisogelea, mfupi kama mtoto wa darasa la kwanza, ananishika kiganja kwa nguvu hadi kinauma.

"Mwambie," anasema.

Niliamka nimekaa kitandani, ngumi imekunjwa, na Festo yuko sakafuni ameshika mdomo. Damu ilimpita katikati ya vidole. "Umenipiga," alisema, kwa mshangao zaidi ya hasira. "Nimekuita jina uamke, ukanipiga." Nilishuka nikamwekea shuka mdomoni, nikamwomba radhi, nikamweleza yote niliyokwisha kuyaeleza hapa. Hakunikatiza, pengine kwa sababu ya mdomo.

Kulikuwa kumeshapambazuka. Nilimwambia sitachapa mtu, na kwamba nakwenda kumrudishia Mkuu fimbo yake mwenyewe kabla ya paredi.

"Atakufelisha," alisema.

"Anifelishe."

"Utarudia mazoezi mwaka mzima, Yohana, kwa ajili ya ndoto."

"Nimekupiga nikiwa usingizini," nilimwambia. "Nikiishika hiyo fimbo nikiwa macho, nani ataniamsha?" Festo akavaa shati lake, akasema basi tutakwenda wote wawili, ila mimi ndiye nitakayesema, yeye mdomo umevimba.

Kabla hatujatoka nilimpigia simu Zuberi. Anatengeneza redio na feni mjini kwetu, huamka mapema. Hatukuwa tumeongea muda mrefu. Nilimwambia nimemwota Mwalimu Shilinde. Nikamwambia mwalimu amenituma nimwambie kwamba siku ile alikuwa anajua jibu, na kwamba yeye mwenyewe alimsikia.

"Na," alisema Zuberi. "Na, na..."

Kengele ya paredi ililia nje. Festo alinivuta shati, akanionyesha mlango. Nilimkunjulia kiganja asubiri, nikaibana simu sikioni. Nilisikia pumzi za Zuberi zikipanda, zikikwama, zikianza upya. Watoto walikuwa wanakimbia kwenda kujipanga mstari.

"Najua," alisema. "Siku zote na... nasema. Hakuna anayengoja."