Mzee Aliyetaka Jina la Mwalimu

Wiki iliyopita, hospitalini Musoma, mzee anayefanya kazi katika kiwanda cha pamba cha Bunda alimpa daktari wa magonjwa ya ndani barua ya kiwanda inayosema kwamba kitamlipia matibabu. Daktari akaipokea, akachukua kifaa cha kusikilizia moyo. Mzee, ingawa alihema kwa shida, akashikilia vifungo vya shati.

"Kwanza, mwanangu, nani alikufundisha?"

"Nilisoma Kampala, baba, halafu Uingereza."

"Hayo ni majina ya mahali. Mimi nauliza mtu. Kwetu mganga asiyemtaja mwalimu wake hanigusi."

Daktari akaweka kifaa mezani. Akamtaja tabibu mmoja wa Nyasura, kule Bunda, aliyemfundisha kusikiliza kifua, kwa jina lake na la baba yake.

"Huyo alinitibu kichomi," mzee akasema, akafungua shati.

Kiwanda kitalipa, lakini kifua ni cha mwenyewe.