Swali Moja kwa Kila Mtu

Kitabu tulichofundishia Kiingereza kilitoka ng'ambo, na aliyekiandika nadhani hakuwahi kuogopa kitu kikubwa kuliko nyuki. Sura moja ilihusu kujihatarisha na mambo magumu uliyoyapitia. Palikuwa na picha ya kijana anaruka kutoka juu ya mwamba kuingia majini, meno yote nje. Chini yake maswali: Umewahi kupanda mlima mrefu? Umewahi kulala porini? Nami nilikuwa naifundisha sura hiyo Kampala, wakati wa utawala wa jeshi, mjini ambako mtu alitoka asubuhi kutafuta sukari na jioni mkewe akaanza kumwulizia mochwari.

Shule yetu ilikuwa ghorofani, juu ya duka, Nakivubo. Mhindi mwenye jengo alikuwa amefukuzwa nchini pamoja na wenzake, na mkuu wetu wa shule akagawiwa jengo hilo kwa kuwa alijuana na mtu aliyejuana na mtu. Ualimu hakuujua. Alikuwa mfanyabiashara wa ngozi, lakini kile kitabu alikiheshimu kama msahafu, na kutoka humo akatoa kanuni ambayo hakuna aliyeruhusiwa kuivunja. Mwanafunzi anakaa kiti cha mbele, anasimulia kwa Kiingereza jambo la kweli lililomtokea. Kisha kila msikilizaji anauliza swali moja, moja tu, na msimulizi analijibu kwa sentensi nzima. Mwisho tunapiga makofi. Asiyejibu hapati cheti.

Mimi nilikuwa Mkenya, nimefuata mume aliyefanya kazi katika kampuni ya mbao, na nilishika kazi hiyo kwa sababu kukaa nyumbani nikisikiliza magari yanayopunguza mwendo kulikuwa kunanitia wazimu. Wanafunzi wangu walikuwa wachache: Mkenya mwenzangu aliyeuza misumari na rangi, mke wa polisi kutoka kaskazini, mpishi wa mapadri wa Lubaga, na mke wa fundi magari.

Huyu wa mwisho ndiye niliyempenda. Mumewe alikuwa na gereji mtaa wa pili kutoka kwetu, na miezi kadhaa kabla ya hapo watu wenye miwani myeusi walimvuta miguu kutoka chini ya gari alilokuwa akilitengeneza. Hakuonekana tena. Fundi huyo alikuwa kiziwi wa sikio moja tangu surua ya utotoni, na la pili nalo halikuwa zima, kwa hiyo injini aliisikiliza kwa meno: aliuma mpini wa bisibisi, ncha akaigusisha kwenye chuma, akafumba macho. Mkewe alinionyesha siku moja tukifagia darasa, kwa kipande cha chaki, akicheka na kulia kwa pamoja.

Alikuja kujifunza Kiingereza kwa sababu ofisi moja ya wageni ilipokea habari za watu waliopotea, lakini kwa lugha hiyo tu. Na shida yake haikuwa majonzi peke yake. Wakwe zake walikaa mteremkoni Lubaga. Kwa desturi yao, mtu akifa mwili usipatikane, huzikwa shina la mgomba mahali pake, na mke akawa mjane. Baba mkwe alikataa katakata. Bila mtu aliyeona kwa macho yake, alisema, hatumziki mwana aliye hai. Mwanamke akilia, wanamwambia anamwombea mumewe kifo. Asipolia, wanasema ndiye aliyemuuza. Mke si mke, mjane si mjane. Niliwachukia wale wazee kuliko wenye miwani myeusi, maana wale wa miwani angalau hawakujifanya ndugu.

Ndipo akaja sajini.

Alipanda ngazi kwa buti, darasa zima likasahau Kiingereza. Alikuwa mtu wa makamo, mpole wa sauti, mwenye kuvua kofia. "Mwalimu," aliniambia kwa Kiswahili cha kambini, "mimi nataka paasi mtihani tu. Kozi iko ngambo, na bila Kingereza watapeleka mwingine."

Mdomo huponza kichwa, na Kampala hata watoto walijua hilo. Tangu siku hiyo hakuna aliyesimulia jambo la maana. Mwuza misumari alifukuzwa na mbwa. Mpishi aliumwa na mbwa. Mke wa polisi alimwona mbwa. Tukawapigia makofi mbwa wote hao, naye sajini akauliza swali lake kila mara kwa adabu: mbwa alikuwa na rangi gani?

Zamu yake ikafika. Akakaa kiti cha mbele, mikono magotini, na nitayaandika maneno yake kwa Kiswahili ingawa aliyasema kwa Kiingereza, polepole, kama mtu anayevuka mto kwa kukanyaga mawe. Siku moja, alisema, alikuwa na kazi ya kupeleka mtu. Mtu yuko nyuma, kwenye buti la gari. Gari likazimika Namuwongo, karibu na reli. Mkubwa wake alikuwa anangoja, na mkubwa huyo hangojeshwi. Sajini akaogopa sana. Yule mtu akagonga kutoka ndani akasema, mimi ni fundi, nifungueni niliangalie. Wenzake walikataa. Lakini yeye sajini akajihatarisha. Akamfungua kamba.

"Akatia bisibisi kwenye meno," alisema, akauma kalamu atuonyeshe, "akasikiliza gari kwa meno."

Mpishi alicheka. Mimi sikuthubutu kutazama dawati la mwisho, alikokaa mke wa fundi. Sajini akamalizia kwamba gari liliwaka, wakafika kwa wakati, na hilo ndilo jambo gumu alilolipitia na alijifunza kuamini mtu. Akatabasamu. Sentensi ya mwisho aliitoa kitabuni.

Maswali yakaanza. Mwuza misumari aliuliza kama mvua ilikuwa inanyesha. Haikunyesha. Mke wa polisi aliuliza kama mkubwa alifurahi. Alifurahi. Mpishi, aliyekuwa ameacha kucheka, aliuliza gari lilikuwa la aina gani. Nilitamani kuwachapa vibao, kila mmoja, kwa kuyapoteza maswali yale kama maji ya kuoshea vyombo. Mimi mwenyewe kanuni haikunipa swali.

Mke wa fundi akasimama. Alikuwa na swali moja, na nikamwona analichagua, midomo ikitikisika.

"Gari lilipowaka," aliuliza, Kiingereza chake kimenyooka kuliko siku zote, "yule fundi alikaa wapi?"

Sajini alilipenda swali. "Alikaa mbele pamoja na sisi," akajibu. "Hakurudi kwenye buti. Nilimpa sigara. Alikaa mbele mpaka msituni."

Msitu ule, njia ya Jinja, kila mtu aliujua. Aliyepelekwa huko hakurudi. Tukapiga makofi kama kanuni inavyotaka, na yeye mwanamke akapiga pia.

Nilidhani ataanguka ngazini. Badala yake alimngoja sajini chini, mlangoni pa duka, mbele yetu sote, akapiga magoti kwenye vumbi. "Afande," alisema, "wazee ya bwana yangu wanataka mtu yenye aliona. Nakuomba njoo useme tu."

Mwuza misumari alikwisha toweka. Niliona wazi kwamba amejiua mwenyewe, kwa sauti ya mtu anayemwomba jirani chumvi. Sajini alimtazama muda mrefu, na ndipo, nadhani, akafahamu alikuwa amemsimulia nani. Hakukasirika. Alivaa kofia, akaivua tena.

"Mimi nitakuja," alisema. "Jumapili sina kazi."

Akaja kweli, kwa wakwe Lubaga, na mke wa fundi akaniomba niwepo. Wazee walikuwa wamekaa kwenye mikeka, na chumba cha nyuma shina la mgomba lilikuwa limelala tayari, limefungwa kitambaa cha gome la mti, likimngoja mtu wa kulitolea ushahidi. Sajini alipewa kiti, peke yake. Baba mkwe, ambaye kwa miezi yote ile alikuwa na ulimi wa kumchoma mkwewe, alikuwa anatetemeka kidevu.

"Uliona mwenyewe?" akauliza.

"Niliona," sajini alisema. "Mimi nilikuwa karibu kuliko wote. Hakulia. Alikuwa mutu mzuri."

Mzee akafanya kama desturi ilivyoagiza, maana mleta habari ya msiba haondoki mikono mitupu. Akamshukuru. Akaagiza kuku, akafungwa miguu, akawekwa kando ya buti za sajini. Wazee wote wakamshukuru, mmoja baada ya mwingine, na mimi nilitamani ardhi ipasuke itumeze na mikeka yetu.

Chakula kikaletwa. Mjane, maana sasa alikuwa mjane, alipiga magoti mbele ya mgeni na birika, akammiminia maji anawe. Sajini akanigeukia, amechangamka, kama mtu aliyealikwa sherehe baada ya muda mrefu wa kutoalikwa popote.

"Mwalimu, hii ya leo naweza kusema kwa mtihani?"

Aliyejibu ni yule aliyeshika birika.

"Sema, afande. Lakini sema na jina yake."

"Jina?" Sajini alikunja uso. "Mimi sijui jina. Sikuuliza."

Mjane akamwambia. Jina zima, la ukoo na la ubatizo. Sajini akalijaribu, akalikosea.

"Hapana," mjane alisema. Hakuondoka magotini, na maji aliendelea kuyamimina juu ya mikono ile, kidogo kidogo. "Rudia."

Akarudia. Wazee waliinamisha vichwa. Hakuna aliyegusa chakula.

"Bado," akamwambia. "Rudia tena."