Gari Langu la Mbio Ukweni

Kijiweni kwetu Kihonda mimi ndiye niliyekuwa profesa wa magari. Aliyenunua gari la familia nilimwambia amenunua kabati lenye matairi. Mwenyewe nilisaka mwaka mzima gari lenye mbio kuliko yote kwa hela yangu, nikalipata: lina turbo, limeshushwa chini, na bomba la moshi nikalibadilisha ili lingurume.

Siku ya kujitambulisha ukweni, juu Uluguruni, jirani mwenye pikapu ya kabichi alitaka kunipa lifti. Nikamcheka. Bwege mimi! Kona ya kwanza ya mlima, tumbo la gari likakaa juu ya jiwe. Nikakanyaga mafuta hadi adhuhuri, likanguruma tu. Akina mama wenye matenga ya karoti kichwani wakanipita. Nikapanda kwa miguu, matope hadi magotini.

Kwa Waluguru, mwenye kauli ni mjomba wa binti. Nikampa shikamoo, kisha uongo: "Gari nimeliacha mjini, mjomba. Sipendi makuu."

"Marahaba," akajibu, akiangalia viatu vyangu. "Kijana, tumekusikia ukinguruma pale kwenye jiwe tangu asubuhi. Hata mbuzi wameshakuzoea."