Mpira wa Katikati

Mimi ni mtu wa kugombeza, sifichi. Mume wangu, fundi viatu, husema mdomo wangu hauna breki. Lakini humu ndani kulikuwa na mtoto mmoja niliyeshindwa kumgombeza, na jambo hilo lilininyima raha.

Ni mtoto wa marehemu kaka yake mume wangu. Alikuja kwetu baada ya mazishi na begi moja na adabu za kupitiliza, mpaka mwanangu akambandika jina la Mzee. Mwanangu mwenyewe tunamwita Redio, maana hazimiki. Basi Mzee akirudi shule anasimama mlangoni anapiga hodi. Hodi, jamani, kwenye nyumba ambayo kitanda chake kimo ndani. Hafunui sufuria mpaka aruhusiwe. Akivunja kikombe, anaomba radhi kabla sijafungua mdomo, nami nameza maneno yangu. Mgeni utamgombezaje?

Tenisi waliianza kwa raketi kuukuu alizozipata mume wangu kwa mteja wake. Wakapiga mpira ukutani hadi majirani wakatuchukia, kisha wakaingia mashindano ya wavulana ya wawili wawili. Walipofika fainali, nilifunga kibanda changu cha mboga nikaenda na mume wangu kuona.

Wapinzani wao, vijana warefu hao, walishawasoma. Kila mpira wanaupiga katikati. Mzee ndiye mwenye mkono mzuri, lakini kila mara anarudi nyuma amwachie ndugu yake, kama anavyomwachia mto laini na kipande kikubwa cha nyama. Redio naye hawahi. Pointi zikawa zinakwenda tu.

"Huyu mtoto," mume wangu akasema huku anatafuna kidole gumba, "hata huku uwanjani bado anapiga hodi."

Redio akachoka. "Sikia, Mzee," alisema, na uwanja mzima ukasikia. "Wa katikati mimi sipigi tena. Ukipita, umepita."

Mpira ukaja. Redio akaficha raketi mgongoni. Mzee akamtazama, na mpira ukapita kati yao. Watu wakacheka. Roho iliniuma, nikatamani kuingia nimfinye Redio sikio.

Ukaja mwingine, palepale.

"Wangu!"

Ile sauti sikuijua. Mzee alikuja mbio, akamkumba Redio na kumkalisha chini, akaupiga mpira kwenye kona ambako hakuna aliyeufikia. Redio alibaki chini anacheka. Mzee hakuomba radhi. Nikajikuta nalia mbele za watu, mimi huyu.

Walifungwa hata hivyo. Walikuwa wameshaachwa mbali, na kombe likaenda kwa wale warefu.

Jioni ndiyo kwanza nimemaliza kupiga deki, mlango ukafunguliwa, hodi hakuna. Mzee akapita moja kwa moja na viatu vyake vya vumbi mpaka jikoni, akafunua sufuria.

"Chakula chenyewe ndiyo hiki tu?"

Mume wangu akanitazama. Nikashika kiuno. Nilimgombeza kwa viatu, kwa sakafu, kwa mikono isiyooshwa, na kwa vikombe vyote nilivyokuwa nimemwekea akiba. Alinisikiliza huku anatafuna. Siku zote ananiita mama mdogo, kwa heshima zote. Safari hii alimeza, akasema, "Sasa mama, si nina njaa?"

Nikamwongezea, huku bado nagombeza.