Ngoma ya Tatu

Juzi nilimwona msichana akipiga ngoma jukwaani huku ameziba masikio kwa pamba, na hakuna aliyemshangaa. Ghafla nikasikia harufu ya ngozi ikipashwa kwa moto wa majani makavu ya mpunga.

Kwetu Mlabani, dada yangu Koleta ndiye aliyepasha moto ngoma za kwaya. Aligonga kila moja, akatega sikio, akairudisha motoni mpaka ilie anavyotaka. Kuzipiga pia hakuwa na mpinzani. Lakini watu wakipiga makofi, aliziba masikio na kupiga mayowe. Nilidhani ni kiburi. Sasa najua makofi yalimuumiza.

Mchana wa kumpokea Askofu, Koleta alipomaliza kazi yake motoni, mwalimu wa kwaya aliniita pembeni.

"Mpeleke dada yako mtoni akanawe masizi. Mwambie tutamsubiri."

Nilivimba kichwa kwa kutumwa na mtu mzima. Nikamshika Koleta mkono, nikamwambia njia nzima, "Watakusubiri, dada."

Tulikuwa bado majini ngoma zilipoanza kulia kanisani. Koleta aliinua kichwa, akasikiliza kwa muda mrefu.

"Ya tatu imelegea," alisema. Kisha akanitazama. "Ulisema watanisubiri."

Akauchomoa mkono wake mkononi mwangu, na hakunipa tena.

Uongo aliutunga mwalimu, akihofia mayowe mbele ya Askofu. Lakini Koleta, aliyekumbuka kila sauti, aliusikia kwa sauti yangu.