Vidonge vya Mama Anastazia

Siku yangu ya kwanza maabara nilihesabu chembe nyeupe za damu kwa darubini, nikampelekea Mkuu wa Maabara karatasi kwa fahari. Hakuipokea. "Binti, rudia. Ukipata jibu lile lile ndipo nitaisoma." Nilirudia mara tatu.

Kazi hiyo niliifanya Kasulu, Kibondo, kisha Kigoma mjini, ambako nilimfahamu Mama Anastazia, muuza dagaa wa Kagunga, kijiji cha kando ya ziwa. Alikuwa na saratani ya damu, ile inayozalisha chembe nyeupe kupita kiasi na kuvimbisha tumbo. Daktari alimwanzishia kidonge kimoja kila siku. Dawa ile huziba mahali ambapo seli za saratani hupokea amri ya kuzaliana. Baada ya miezi michache chembe zake zilikuwa kama zangu.

Mwaka uliofuata zikapanda. Nikarudia kuhesabu, zimepanda kweli. Daktari alishusha pumzi. "Naona seli zimekuwa sugu." Yaani chache zimejibadilisha, dawa haipati tena pa kushika, na hizo ndizo zinazozaliana. Dawa ya pili haikuwapo Kigoma, na hatukujua kama angeipata hata Dar es Salaam.

Nilipomtoa damu tena nikamuuliza taratibu, "Mama, vidonge unavimeza vipi?"

"Nameza, dada."

"Kila siku?"

Akatazama mlango. "Leo mimi, kesho wifi yangu. Naye tumbo limevimba kama langu la mwanzo. Tule ugali sahani moja, halafu nimnyime dawa?"

Nikamwita daktari, nikamweleza. Hakufoka. Alivuta kiti akakaa karibu naye. "Mama, dawa nusu haiimalizi saratani, inaizoesha tu. Meza yako yote. Na wifi umlete."

Wifi alikuja na boti iliyofuata. Tulimpima, tukakuta ni kichocho kilichomvimbisha bandama. Akapewa dawa yake mwenyewe. Mama Anastazia akaanza tena kumeza kidonge chake kila siku, nasi tukasubiri kwa hofu, maana huenda tulikuwa tumechelewa.

Miezi mitatu baadaye nilihesabu: zimeshuka. Nikahesabu tena. Nikaegemea meza, nikacheka peke yangu hadi wenzangu wakaja kutazama.

Wapo waliomeza bila kukosa hata siku moja, na bado seli zao zikawa sugu. Hao siwasahau. Lakini ninyi vijana mnaoanza kazi hii, kabla ya kuilaumu dawa, muulizeni mgonjwa, tena kwa upole.

Sasa nimestaafu, naishi Katubuka. Juzi Mama Anastazia alipita na ndoo ya dagaa. "Mwakeye!" akanisalimu kwa Kiha, akaketi, tukaongea mambo ya wajukuu asubuhi nzima. Ugonjwa hatukuutaja.